Mafuta ya Katani ya Mzee Ghulamabbas

Jumamosi moja, saa nane mchana, ghorofa ya kumi na moja pale Flemingdon Park, Toronto, mzee wa miaka themanini na nne alivua kofia yake, akaivisha sufuria ya pilau, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ehsan, wewe ulikuwa mtoto mzuri mpaka uliponunua nyumba."

Hakuna aliyecheka. Wote waliokuwepo walinigeukia mimi.

Kwa sababu dakika kumi kabla ya hapo mimi, Clinton, mtoto wa Kakamega, nilikuwa nimeshtakiwa kwamba namlisha mzee huyo bangi.

Wacha nianze mwanzo. Hii stori nikiisimulia nusu, watu huniangalia vibaya.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Napika, naogesha, napeleka kliniki, nasikiliza stori ile ile mara arobaini na kila mara nashangaa upya. Mzee wangu anaitwa Ghulamabbas. Ni Khoja, Mhindi wa Korogwe, mkoa wa Tanga. Amezaliwa huko, ndevu zimemtokea huko, halafu watoto wakamleta Canada. Mpaka leo anaiongelea Toronto kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Kiswahili chake kimenyooka mpaka kinatisha. Changu, siku ya kwanza, kilimuumiza.

"Mzee, kuna kitu ingine unataka?" nilimuuliza.

Akafumba macho.

"Kitu kingine, bwana. Kingine! Kitu hakijakukosea, mbona unakivunja miguu?"

Miaka miwili ya kazi ikawa miaka miwili ya kunyooshwa. Ndiyo maana leo naweza kuwaandikia bila kuwatia aibu sana.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililokuwa linaninyima raha. Nilihitaji barua. Karatasi moja tu ya kusema Clinton amefanya kazi hii miaka miwili na kazi yake ni safi. Bila hiyo barua makaratasi yangu ya ukaazi hayaendi popote. Bila makaratasi, mke wangu na binti yangu wanabaki Kakamega, wananiona kwenye simu.

Binti yangu nilimwacha na mwaka mmoja. Alipofika minne, siku moja tukiwa tunaongea alimgeukia mama yake akamuuliza kama huyu mtu wa kwenye simu ana miguu.

Nilicheka. Nilipokata simu nikalia, siwafichi.

Wa kuisaini barua alikuwa Ehsan, mtoto wa kiume wa mzee, kwa sababu mkataba wangu uko kwa jina lake. Bwana Ehsan anakaa Unionville, kwenye mitaa ambayo hata nyasi zina adabu. Barua nilishaiandika mwenyewe, nikaichapa, nikaiweka kwenye droo ya jikoni kwa mzee. Ilikuwa inangoja kalamu tu.

"Wiki ijayo, Clinton," aliniambia.

Hiyo wiki ijayo ilikuwa imetimiza miezi miwili.

Haya. Tuje kwenye mafuta.

Mzee ana magoti mabovu. Anaswali amekaa kwenye kiti, na hilo linamuuma kuliko magoti yenyewe. Mjukuu wake Ummulbanin, aliyezaliwa na bintiye mzee, Bi Khatija, anasoma chuo kikuu na anampenda babu yake kufa. Anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Humu nitamtafsiri mimi.

Siku moja alikuja na kichupa kidogo cheusi, cha dukani, kwenye mfuko wake wa karatasi. Maduka hayo huku yana leseni, yako wazi mchana kweupe, kati ya saluni na duka la donati.

"Nana, nimekuletea mafuta ya CBD. Unatia matone chini ya ulimi. Labda yatakusaidia."

Nana ndivyo anavyomwita babu yake mzaa mama.

"Mafuta ya nini?" mzee akauliza.

Ummulbanin akanitazama. Kiswahili cha kitu hicho hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho, na ndicho kilichonitia jasho.

Nilijua CBD inatoka kwenye mmea wa bangi. Nilijua pia ukitamka neno bangi mbele ya Mzee Ghulamabbas, kichupa kitapita dirishani, na wewe nyuma yake, na ghorofa ni ya kumi na moja.

Nikatoa simu. Nikaandika lile jina la Kizungu la bangi ya viwandani, ile isiyolevya. Simu ikafikiri kidogo, ikanijibu: katani.

"Mafuta ya katani," nikasema, kwa sauti ya daktari.

Mzee akachukua kile kioo chake cha kukuzia maandishi, kile anachosomea Kur'ani, akaizungusha chupa polepole karibu na dirisha. Kisha akatabasamu.

"Katani! Alhamdulillahi. Katani naijua, bwana. Baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha katani, Korogwe, miaka ishirini na mbili. Katani ndiyo iliyonilea."

Akaanza kunieleza majani yanavyokatwa, yanavyosagwa kwenye korona, ile mashine ya kutoa singa, singa zinavyoanikwa kwenye jua mpaka zinakuwa nyeupe, kamba zinavyosokotwa.

Kamba?

Manze, hapo ndipo nilipoelewa. Katani ya watu wa Tanga ni mkonge! Ule mmea wa majani makali, wa kutengenezea kamba na magunia. Simu ilikuwa imenipa neno moja lenye mimea miwili ndani, na mzee alikuwa ameshika mmea wake.

Ningemsahihisha pale pale. Sikumsahihisha. Nilijiambia mwache na furaha yake. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Lakini msidhani nilimpa mzee wa watu kitu kwa kubahatisha. Kesho yake nilikwenda kwa Reza, mfamasia wa pale chini, Mwirani mwenye subira. Nikamwekea chupa na orodha ya dawa zote za mzee mezani.

Reza akasoma, akampigia daktari wa mzee, akarudi.

"Sawa. Matone machache, tumwangalie. Angekuwa anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda ningekataa, haya mafuta yanagombana nazo."

"Na stimu?" nikauliza kwa sauti ya chini. "Hatalewa?"

"Kwenye huo mmea kuna CBD na kuna THC. Ni ndugu wa nyumba moja, lakini mlevi wa familia ni THC. Chupa hii haina. Angalia, haina hata ile alama nyekundu yenye jani, inayowekwa kwenye vitu vya THC. Labda asikie usingizi kidogo, basi."

Sikumwamini. Nisameheni. Mimi nimekulia mahali ambapo jani hilo likitajwa tu, mjomba anafunga mlango na shangazi anaanza kuomba.

Kwa hiyo siku hiyo, baada ya kazi, nilijitilia matone chini ya ulimi wangu mwenyewe. Nikapanda basi la Don Mills, nikakaa kiti cha nyuma, nikasubiri.

Nikasubiri mpaka Eglinton. Kuna mama mmoja alikuwa amebeba mmea wa plastiki, nikamwangalia sana, nikajiuliza kama ni yeye kweli au ni stimu imeanza. Alikuwa yeye. Nikashuka, nikanunua mkate, nikaenda nyumbani, nikafua soksi. Hakuna kilichotokea. Nilihisi kama mtu aliyevaa suti kwa harusi iliyoahirishwa.

Basi mzee akaendelea na mafuta yake. Anatia mwenyewe asubuhi kabla sijafika, kwa sababu hataki mkono wa mtu mdomoni mwake. Chupa anaiweka kwenye droo ya kando ya kitanda, pamoja na tasbihi.

Magoti yalipona? Mimi si daktari. Yeye alisema yanauma kama kawaida, ila sasa analala yakiwa yanauma.

Kasheshe ilianzia msikitini.

Mzee alikuwa anatangaza! "Mimi natumia mafuta ya katani," anawaambia wazee wenzake wakivaa viatu. "Katani, ile ile ya kwetu." Wazee wa Tanga wakawa wanatoa machozi. Kila mtu akakumbuka kamba ya ng'ombe wa baba yake.

Aliyeshikilia zaidi ni Hyderali.

Hyderali ni shemeji yake mzee, kaka wa marehemu mke wake, anakaa Agincourt. Mtu wa Dar, ndevu nyeusi tii kwenye uso wa miaka themanini, na hakuna jambo duniani asilolijua. Ukimwambia unaumwa na kichwa, anakuambia kichwa chako kilianza kuuma lini.

"Shemeji, nigawie na mimi hayo mafuta," alisema.

Mzee akamzungusha. Hyderali akaganda kama luba. Wiki tatu, kila siku simu. Mwishowe mzee akampa chupa, na Hyderali akaanza kutia matone, na baada ya siku nne akatangaza kwamba magoti yake yameamka. Alipanda ngazi za msikitini bila kushika ukuta, watu wakamwona.

Halafu Jumapili moja mke wa mwanawe akasafisha kabati. Akaiona chupa. Akaisoma.

Ndipo simu zikaanza kulia kutoka Agincourt mpaka Unionville, na Jumamosi iliyofuata tukawekewa kikao.

Nilijua mambo yamechacha nilipomwona Bi Khatija amekuja na sufuria ya pilau. Bi Khatija, binti mkubwa wa mzee, hapiki pilau ila kuna msiba au kuna kesi. Ehsan alikuwa amekaa kwenye kochi bila kuvua koti. Hyderali alikuwa kwenye kiti cha mzee, amejifunga skafu kichwani kama mgonjwa. Mzee mwenyewe alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa tu.

"Clinton, kaa," alisema Ehsan.

Nikakaa.

"Unamlisha baba yangu bangi?"

"Bwana Ehsan, hiyo ni CBD, hailevyi. Reza wa duka la dawa..."

"Hailevyi!" Hyderali akaruka. "Mimi hapa nimelewa! Niulize mimi!"

"Pole, mzee. Ulilewa vipi?"

"Jumapili! Mke wa mwanangu akasoma chupa, akasema, Baba, hii ni bangi. Papo hapo ikanipanda! Masikio yakaanza kulia, zulia likanisogelea, nikashika meza. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Alhamisi nilicheka kwenye majlisi, watu wakiomboleza. Nilicheka, Khatija! Sijawahi kucheka majlisini tangu nizaliwe!"

"Mara ya mwisho kutia matone ilikuwa lini?" nikauliza.

"Ijumaa asubuhi."

"Ukalewa Jumapili?"

"Ilikuwa inasubiri," alisema Hyderali, bila aibu yoyote.

Ningecheka kama si uso wa Ehsan. Bi Khatija alikuwa ameshika kichwa. "Baba amekuwa akiwaambia watu msikitini ni katani," alisema. "Nani alimwambia ni katani?"

Nikainua mkono.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa hiyo ulimdanganya."

Na ilikuwa kweli. Nilimdanganya mzee aliyekuwa akinifundisha lugha yake bure. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

"Basi ile barua isahau," Ehsan alisema. "Na Jumatatu nitalipigia simu lile shirika lililokuleta. Wajue wanaajiri watu gani."

Nikageuka kuangalia droo ya jikoni. Nikamwona binti yangu kwenye kioo cha simu, anakuwa na miaka mitano, sita, kumi. Mimi bado ni uso tu.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Mzee akatoka na kigari chake cha kutembelea, lakini hakutembea kawaida. Alikuwa anakisukuma kwa madaha, anayumba, anacheka peke yake. Akakizungusha mara moja mbele ya televisheni kama anaonyesha gari jipya.

"Yallah," Bi Khatija akanong'ona. "Amelewa."

Mzee akavua kofia, akaivisha sufuria ya pilau. Ndipo alipomwambia Ehsan lile la nyumba.

"Baba, kaa chini," Ehsan alisema.

"Sikai! Nikikaa mnaanza kunihamisha. Unataka nije Unionville nikae basementi. Chini ya ardhi nitakwenda, Ehsan, siku yangu ikifika. Wewe usinitangulize."

"Baba!"

"Mara ya mwisho kuja hapa bila kuangalia saa ilikuwa lini? Huyu Clinton anajua kidole changu gani kinauma. Wewe hujui hata nakunywa chai ya aina gani."

Mimi huku nikawa namkonyeza. Mzee, nyamaza! Unaniua! Kila neno lilikuwa msumari mmoja zaidi kwenye jeneza langu. Walikuwa wananiangalia kama mtu aliyefungulia simba.

"Na wewe, Khatija," mzee akaendelea.

"Mimi nimefanya nini?"

"Pilau yako ina chumvi."

Bi Khatija akaigeukia sufuria yake.

"Miaka thelathini naila na nasema mashallah. Halafu nakunywa maji jagi zima. Hayo magoti yangu yamevimba kwa sababu yako!"

"Amelewa kabisa," Hyderali alisema, akijivuta nyuma. "Ndivyo inavyoanza."

"Na wewe shemeji!" Mzee akamwelekezea kigari. "Hizo ndevu umepaka rangi ya viatu. Na kwenye mchezo wa keram unaiba! Unasukuma kete kwa kidole kidogo ukidhani sioni. Tangu Dar es Salaam unaiba, dada yako alijua, akaniambia nikusamehe kwa sababu huna kitu kingine unachokiweza."

Hyderali akashika skafu yake. Akamwinamia Ehsan, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani.

"Msimkasirishe. Mtu wa bangi akikasirika hujui atafanya nini. Mpeni anachotaka."

"Ninachotaka?" mzee akasikia. "Nataka barua ya Clinton isainiwe. Iko droo ya jikoni, chini ya kiberiti. Sasa hivi. La sivyo navua shati, napanda lifti, nakwenda kuwasalimia watu wanaongoja basi la Don Mills."

Akafungua kifungo cha kwanza.

"Msainie!" Hyderali akapiga kelele.

Akafungua cha pili.

"Ehsan, jamani, saini!" alisema Bi Khatija. "Majirani wanatujua!"

Ehsan akaenda jikoni, akarudi na karatasi. Alikuwa amekunja uso, lakini nilimwona anaisoma. Aliisoma yote, polepole. Nilikuwa nimeandika ndani yake kwamba nimemtunza Mzee Ghulamabbas kwa uaminifu, na nikaeleza ninachofanya tangu asubuhi mpaka jioni. Sidhani aliwahi kujua ni mengi hivyo. Akasaini.

Mzee akaichukua, akaikunja mara mbili, akanipa. "Mfukoni. Ndani. Funga kifungo."

Nikafunga.

Basi mzee akafunga vifungo vyake na yeye. Akaiokota kofia juu ya sufuria, akaipangusa, akaivaa. Akakaa kwenye kiti, mgongo wima, na sauti yake ikarudi ile ya kila siku.

"Haya. Sasa tuzungumze kama watu wazima."

Kabla mtu hajasema neno, mlango ukagongwa. Ummulbanin akaingia, anahema, mfuko wa karatasi mkononi.

"Nana, nisamehe, mitihani imenibana. Hii hapa chupa mpya. Najua umekaa wiki mbili bila mafuta."

Macho yote yakahamia kwenye mfuko.

"Wiki mbili?" Bi Khatija aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Alinipigia simu, ya kwanza imekwisha. Hii nimeinunua leo, haijafunguliwa." Akaiinua. Karatasi ya kifuniko ilikuwa haijaguswa.

Ehsan akamgeukia baba yake. "Kwa hiyo leo umekunywa nini?"

"Chai. Ya maziwa. Sukari kijiko kimoja, maana Clinton ananibania."

"Hukulewa?"

"Hata hayo mafuta hayalevyi, Ehsan. Lakini hata hayo sikuwa nayo."

Hyderali akasimama. "Na mimi je? Mimi nimelewa kwa chupa yako!"

"Chupa ni yangu, shemeji," mzee alisema kwa upole. "Mafuta ni ya Clinton."

"Yangu?" nikashtuka.

"Yale ya alizeti. Unayonikaangia bagia. Huyu alinisumbua wiki tatu. Ningemnyima angeninunia mpaka Muharram. Chupa yangu ilipokwisha nikaiosha, nikamjazia."

Hyderali akakaa. Akasimama tena. Akajishika magoti.

"Lakini magoti yangu yamepona!"

"Mashallah," alisema mzee.

Ummulbanin ndiye aliyeanza kucheka, na hakuweza kuacha. Mimi nilijitahidi, nikashindwa. Hata Ehsan mdomo ulimcheza, halafu ukaacha kucheza, kwa sababu aliona jambo lingine.

"Kwa hiyo yale yote uliyotuambia..."

"Niliyasema nikiwa na akili zangu," mzee alimjibu. "Ningeyasema bila kuyumba mngesema Baba amechoka, alale kidogo. Mmenisikiliza mpaka mwisho kwa sababu mlidhani nimelewa."

Ehsan akavuta mkono wa koti, akaifunika saa yake.

"Hata la pilau?" Bi Khatija aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ina chumvi, mama. Tangu ulipoolewa."

Bi Khatija alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kati ya hayo machozi, mengine hayakuwa ya kicheko. Akaenda kukaa chini, kando ya kiti cha baba yake, akamshika mguu.

Ehsan aliangalia mfuko wangu. Mimi nikaufunika kwa mkono.

"Ibaki," alisema. "Nilitakiwa niisaini zamani." Kisha akavua koti, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akauliza chai iko wapi. Ya basementi hakuna aliyeyagusa tena.

Walipoondoka, nilibaki na mzee. Nikamtengenezea chai. Nikamwekea vijiko viwili vya sukari, siku hiyo alistahili.

Lile la katani lilikuwa bado halijasemwa. Nikasema wacha nimalize.

"Mzee, nina kitu kingine."

"Umesema vizuri. Endelea."

"Yale mafuta si ya katani. Ni ya mmea wa bangi, ile isiyolevya. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

Akapuliza chai. Akanywa funda moja. Akanitazama mpaka nikatamani kuosha vyombo.

"Clinton, baba yangu kakaa kwenye katani miaka ishirini na mbili. Mimi nimecheza juu ya marundo ya katani. Katani ina singa za kamba. Ina maji yanayowasha mpaka unalia."

Akaweka kikombe chini.

"Katani haina mafuta, bwana."

Nikaweka birika chini.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Chupa imeandikwa Kiingereza, na mimi nimesoma Kiingereza kabla baba yako hajazaliwa. Macho ndiyo mabovu, na kioo ninacho. Nikampigia Reza, akanieleza kuwa hailevyi. Basi."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ungeniambia bangi, ningelazimika kukataa. Mjukuu wangu amekuja na mapenzi yake, ningemrudisha nayo? Wewe ukahangaika na simu yako, ukaniletea katani. Nikasema, kijana huyu Kiswahili hajui, lakini adabu anayo."

Barua ilikwenda. Ilichukua muda wake, lakini ilikwenda. Mke wangu na binti yangu walipotua uwanja wa ndege, mtoto alisimama hatua tatu mbele yangu, hakunikumbatia. Kwanza aliangalia chini, akaikagua miguu yangu, wa kushoto, wa kulia. Alipohakikisha ipo yote miwili ndipo akakimbia.

Sasa funzo, maana najua kuna wa kuja kuniuliza.

CBD peke yake haikupi stimu. Ukitaka kujua chupa ina nini, soma chupa, na kama unakunywa dawa nyingine, muulize mfamasia, usimuulize jirani. Na mtu mzima akikuambia ukweli unaouma, usikimbilie kusema amelewa. Angalia kwanza mara ya mwisho ulimsikiliza lini.

Mzee Hyderali? Yuko salama. Alipiga simu juzi, anataka chupa nyingine, magoti yameanza tena. Ummulbanin akajitolea kumnunulia CBD yenyewe, ya dukani.

Akakataa katakata. Anasema hiyo inalevya. Anataka ile ile ya bagia.